Kiatu cha shemeji: jinsi ya kufundisha Kumbukumbu la Torati 25 mbele ya wajane

Miaka kadhaa iliyopita, katika jumuiya yetu huku upande wa ziwa, alikuja mama mmoja na Biblia iliyopigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mumewe alikuwa amefariki, amemwachia watoto wanne. Biblia ile aliletewa na kaka wa marehemu, na mstari mwekundu ulikuwa chini ya Kumbukumbu la Torati 25:5, unaomwagiza shemeji kumtwaa mjane wa nduguye. Akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli Mungu amesema nirithiwe?"

Nilimjibu vibaya. Nikasema hayo ni ya Agano la Kale, yamepita, tuendelee na somo. Yule mama akakunja khanga yake akanyamaza. Shemeji yake alikuwa na mstari mkononi na mimi sikumpa hata mmoja. Kumbe ningeteremka mistari miwili tu kwenye ukurasa uleule ningemkuta mwanamke aliyefiwa akipanda kwenda langoni kwa wazee, akisema kwa kinywa chake, na kumvua shemeji kiatu.

Tangu siku hiyo nimelifundisha fungu hili mara nyingi, nikakosea hapa na pale, na huu ndio utaratibu niliobaki nao. Unafaa kwa mwalimu wa Biblia, katekista, mwinjilisti au kiongozi wa kikundi cha akina mama. Tenga vipindi viwili vya saa moja na nusu. Utahitaji Biblia za kutosha, ubao au karatasi kubwa, na kiatu kimoja cha ngozi cha kufunga kwa kamba. Kandambili haitafaa, na sababu utaiona mbele.

Hatua ya 1: Anzia Walawi, usianzie Kumbukumbu

Watu wengi huingia moja kwa moja kwenye amri ya kumtwaa mke wa ndugu, kwa hiyo wanadhani hiyo ndiyo kanuni ya jumla. Sivyo. Fungua kwanza Walawi 18:16, kisha 20:21. Hapo kulala na mke wa ndugu yako kumekatazwa, tena katika orodha ileile inayokataza mama, dada na mke wa baba. Mwache mtu asome kwa sauti, na uandike ubaoni: MKE WA NDUGU NI MWIKO.

Sasa ndipo mwende Kumbukumbu la Torati 25:5-10. Kikundi kitaona chenyewe kwamba fungu hili ni mlango mwembamba uliokatwa kwenye ukuta mnene. Ukikosa sharti moja tu, mlango haupo, na unabaki na ukuta wa Walawi. Marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, walilisoma hivyo hivyo: pale ambapo sharti halikutimia, kumwoa mjane wa ndugu si jambo la hiari wala la kujitolea, ni dhambi ya kundi lile la Walawi 18.

Hatua ya 2: Hesabu masharti kwa vidole

Rudini kwenye mstari wa 5 polepole. Ndugu wakikaa pamoja. Mmoja wao akafa. Wala hana mwana. Uliza kila sharti linamhusu nani.

"Ndugu" kwa marabi ni wa baba mmoja. Waliochangia mama tu hawamo, kwa sababu jina na shamba vilipita kwa baba. "Wakikaa pamoja" walilieleza hivi: waliishi duniani wakati mmoja. Mdogo aliyezaliwa baada ya kaka yake kufa hana wajibu wowote kwa mjane huyo.

Sharti la mtoto ndilo la kukalia muda mrefu. Kiebrania kina neno linaloweza kusomwa "mwana wa kiume", lakini wale waliotafsiri Torati kwa Kiyunani, karne kadhaa kabla ya Kristo, waliandika neno la maana ya "mbegu", yaani uzao. Marabi nao walishika njia hiyo: mtoto yeyote anatosha, wa kiume au wa kike, hata mjukuu, hata kama alizaliwa na mke mwingine. Marehemu akiwa na mtoto hai, mjane wake ni huru siku ileile ya msiba. Hana haja ya kuolewa na shemeji wala kumvua kiatu.

Hapa ndipo ninapomkumbuka yule mama. Watoto wanne! Kwa Torati yenyewe aliyopelekewa, shemeji yake hakuwa na mlango. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa Walawi akiuita mlango.

Usipite hapa bila kutaja mila zetu, kwa sababu kila mtu ukumbini anazifikiria. Kwa Wajaluo, tero, yaani desturi ya kurithi mjane, humhusu mjane awe na watoto au asiwe nao. Huitwa *chi liel*, mke wa kaburi, na watoto atakaozaa baadaye huhesabiwa kuwa wa marehemu. Lengo la kutunza jina la marehemu linafanana na la Torati, na ni haki kusema hivyo bila kudharau. Lakini anayeisimamisha desturi ya kurithi mama mwenye watoto juu ya Kumbukumbu 25 anajenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine.

Hatua ya 3: Uliza "jina" maana yake nini

Mstari wa 6 unasema mzaliwa wa kwanza atasimama kwa jina la ndugu aliyekufa, jina lake lisifutwe katika Israeli. Watu wa mjini watadhani ni kumpa mtoto jina la babu. Waulize wazee wa kijijini, watakueleza haraka: jina ni shamba. Jina ni mtu wa kusema "hapa ni kwetu" mipaka inapopimwa.

Someni Hesabu 27:1-11, binti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa wakiuliza kwa nini jina la baba yao litoweke kwa sababu hakuwa na mwana wa kiume. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, ina maelezo matamu ya hoja yao: kama sisi ni uzao, tupeni urithi, kama si uzao, basi mama yetu na aolewe na kaka wa marehemu kama sheria inavyotaka. Hamwezi kutukataa pande zote mbili. Musa alipeleka shauri lao kwa Bwana, na jibu likatoka kwamba wasema kweli.

Gusia pia lugha. Waebrania humwita kaka wa mume *yavamu* na mjane *yevama*, maneno mawili ya shina moja, na ndoa yenyewe huitwa yibumu. Sisi tunalielewa hilo bila shida, kwa kuwa neno letu "shemeji" nalo ni la pande zote mbili: mimi ni shemeji yako, wewe ni shemeji yangu. Utani wa huku kwetu wa kumwita mdogo wa mume "mume wangu" umetoka kwenye udongo wa namna hiyohiyo. Lakini utani ni utani mume akiwa hai. Mume akishafariki, mjane anaposikia neno hilo huanza kuhesabu miezi.

Hatua ya 4: Mwende langoni

Sasa igizeni mistari ya 7 hadi 10. Weka viti vitatu kama lango la mji, wazee watatu wakae. Mtafute mama wa kuwa mjane na kijana wa kuwa shemeji. Usimlazimishe mjane halisi kucheza nafasi hiyo; akijitolea mwenyewe, mpe.

Msimulizi asome na waigizaji wafuate kitenzi kwa kitenzi. Shemeji akikataa, nani anakwenda kwa wazee? Mjane. Nani anafungua shauri na kusema shemeji yangu amekataa kumwinulia nduguye jina? Mjane. Wazee wana kazi gani? Wanamwita shemeji na kusema naye. Shemeji anasimama na kusema hapendi kumtwaa. Halafu nani anakaribia, anavua kiatu, anatema mate, anatamka hukumu? Ni mjane, mwanzo hadi mwisho, mbele ya wazee wanaotazama. Andika vitenzi hivyo ubaoni katika safu mbili, ya mjane na ya shemeji. Safu ya mjane itajaa, ya shemeji itakuwa na kukataa na kusimama.

Nimeona vyumba vikinyamaza kwenye tukio la kiatu. Mama anayeinama kumfungua mwanamume kamba za kiatu, kwa macho yetu, ni mtumishi. Kisha anasimama kiatu kikiwa mkononi mwake, na mwanamume amebaki mguu mmoja peku mbele ya wazee. Mwache msimulizi atulie hapo kidogo. Tangu siku hiyo nyumba ya mtu huyu inaitwa Nyumba ya Aliyevuliwa Kiatu. Alikataa kulinda jina la nduguye, na jina lake mwenyewe likabadilika.

Kuhusu mate, toa ufafanuzi. Neno la Kiebrania linaweza kusomwa "usoni pake" au "mbele yake", na marabi waliamua ni mbele yake, sakafuni, mradi waamuzi wayaone. Kwa hiyo waigizaji wako wateme chini, tena kwa ishara tu.

Halafu waambie neno. Tendo hili huitwa halitsa, kutoka kitenzi chenye maana ya kuvua, kufungua, kuchomoa. Kitenzi hicho hicho kimo katika Zaburi 116:8, pale mwimbaji anapomshukuru Mungu kwa kuiponya nafsi yake na mauti, macho yake na machozi, na miguu yake na kuanguka. Mimi huwaomba wausome mstari huo pamoja, kwa sauti. Aliyefedheheshwa ni shemeji, lakini anayefunguliwa ni mjane. Hilo ndilo neno ninalotaka mama yeyote aliyefiwa atoke nalo kikundini hata kama atasahau mengine yote.

Hatua ya 5: Tamari, kwa kifupi

Mwanzo 38 ni sura ndefu na ina mambo ambayo mbele ya watoto hayasomeki. Panga mapema nani atakuwepo. Kinachohitajika kwenye somo hili ni kuona hali ilivyokuwa kabla ya sheria ya lango. Eri, mume wa Tamari na mwana mkubwa wa Yuda, amekufa. Onani, mdogo wake, analala na mjane lakini anahakikisha hapati mimba, kwa sababu anajua mtoto hatakuwa wake. Shela, mwana wa tatu, bado mdogo, na Yuda anamrudisha Tamari kwa baba yake asubiri, huku moyoni akiwa na hofu kwamba Shela naye atakufa. Tamari hayuko huru kuolewa kwingine na haolewi hapa. Amefungwa. Hakuna kiatu cha kuvua wala wazee wa kumsikiliza, ndiyo maana akashika njia ile ya kujifunika ushungi barabarani, Yuda akalala naye bila kumtambua. Mwishoni Yuda mwenyewe anakiri kwamba Tamari ana haki kuliko yeye, naye akazaa mapacha, Peresi na Zera.

Uliza swali moja tu: je, tunamjua mtu aliyewekwa katika hali ya "ngoja kwanza" kama Tamari? Kisha nyamaza, wape muda.

Hatua ya 6: Kiatu cha Ruthu si kiatu hiki

Kosa hili nilifanya mwenyewe, na huwa nalisikia mahubirini: kuchanganya kiatu cha Ruthu 4 na kile cha Kumbukumbu 25. Weka mistari sambamba mtaona tofauti. Katika Ruthu, mwenye kiatu anakivua mwenyewe na kumpa mwenzake. Hakuna mate, hakuna fedheha, na Ruthu hayupo langoni. Mwandishi anaeleza katika 4:7 kwamba zamani ndivyo walivyothibitisha kukomboa na kubadilishana. Ni kama vile sisi tunavyotia sahihi au kidole gumba kwenye hati ya kiwanja. Boazi naye si ndugu wa baba mmoja na Maloni, marehemu mume wa Ruthu; ni jamaa wa ukoo. Kwa hesabu ya marabi, hii si yibumu kamili. Ni wajibu wa jamaa wa kukomboa ardhi, ukaunganishwa na kuliinua jina la marehemu.

Hata hivyo kitabu kinataka tuikumbuke sheria ile. Wazee wanapombariki Boazi wanamtaja Peresi, yule ambaye Tamari alimzalia Yuda. Na yule jamaa wa karibu zaidi, aliyekataa kwa kuogopa kuharibu urithi wake, mwandishi hakumpa jina. Kiebrania kinamwita *peloni almoni*, sawa na kusema fulani bin fulani. Amelinda shamba, amepoteza jina.

Jambo lingine ambalo wanafunzi wangu makini hulileta: mwisho wa kitabu, ukoo unasema Boazi alimzaa Obedi. Maloni hayumo. Usijaribu kulizima swali hilo kwa jibu la haraka. Liache lining'inie, Maandiko yenyewe yameliacha.

Hatua ya 7: Onyesha jinsi mahakama ya Kiyahudi inavyofanya

Kipindi cha pili anzeni hapa. Wakristo wengi hawajui kwamba halitsa haikuishia kwenye karatasi. Wayahudi wanaoshika sheria wanaifanya hata leo. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, ina kitabu kizima cha sura 16 juu ya mambo haya, kiitwacho Yevamot, na sura ya 12 inaeleza kiatu. Mfuatano wa leo, kwa ufupi, ni huu.

Kwanza ni kungoja. Inapita miezi 3 tangu kifo, ili ijulikane kama mjane ana mimba. Akizaa mtoto akaishi, shauri limekwisha.

Kisha anaitwa ndugu. Mkubwa ndiye mwenye wajibu wa kwanza. Kama shemeji ni mtoto, mjane hulazimika kusubiri hadi afike miaka 13. Kama ametoroka au hajulikani alipo, mjane anabaki amefungwa. Ni balaa la kweli hilo, na marabi wamelilia kwa karne nyingi.

Mishna inataka waamuzi watatu. Desturi ya baadaye imeongeza wawili, wawe watano. Wanapanga mahali jana yake. Tendo hufanyika mchana. Kwa desturi, mjane hali kitu asubuhi hiyo hadi atakapotema, mate yawe mate matupu. Waamuzi huhakikisha kwamba hao ni watu wazima, ni shemeji kwa baba, wanajua wanachofanya, na hakuna aliyeshurutishwa bila haki. Katika Talmudi wazee hata humshauri shemeji: kama yeye ni kijana na mjane ni mzee, au kinyume chake, humwambia atafute wa rika lake asijiletee ugomvi nyumbani.

Sasa kiatu. Onyesha chako hapa. Kiatu cha halitsa huwa cha mahakama, kimetengenezwa kwa ngozi tupu ya mnyama safi, kimeshonwa kwa ngozi bila misumari, na kina kamba ndefu za kufunga mguuni. Mishna inasema chenye kisigino kinafaa na kisicho nacho hakifai, na soksi ya kitambaa haifai. Ndiyo maana nilikuambia uache kandambili nyumbani. Mahakama humpa shemeji kiatu hicho kiwe mali yake kwa saa hiyo. Anaosha mguu wa kulia, anakivaa bila soksi, kinafungwa, anatembea dhiraa nne waamuzi wakitazama kama kimemkaa.

Mjane anasema kwanza, kwa Kiebrania, hata kama alifundishwa maneno hayo asubuhi ileile: shemeji yangu amekataa kumwinulia nduguye jina katika Israeli, hakutaka kunitimizia wajibu wa shemeji. Hapa pana jambo dogo ninalolipenda sana. Kwetu "hakutaka" ni neno moja, kikanushi kimo ndani yake, huwezi kukitenga. Kiebrania kina *lo*, "si", halafu ndipo kitenzi. Mjane akivuta pumzi baada ya *lo*, anayesikiliza anaweza kusikia "shemeji alitaka". Kwa hiyo anafundishwa kutamka maneno hayo, *lo ava yabmi*, kwa pumzi moja. Uhuru wake umening'inia kwenye pumzi, na waamuzi watano wanakaa kimya kuhakikisha haikatiki.

Shemeji anajibu: sipendi kumtwaa. Anaukanyagia mguu sakafuni. Mjane anainama, anafungua kamba kwa mkono wa kulia, anainua mguu kwa wa kushoto, anavua kiatu na kukitupa kando. Anasimama, anatema mbele yake, waamuzi wanayaona mate. Anasema ndivyo afanyiwavyo mtu asiyeijenga nyumba ya nduguye. Kisha "aliyevuliwa kiatu" mara tatu, na waliohudhuria wanaitikia. Katika Mishna, Rabi Yehuda anasema ni wajibu wa kila aliyepo kuitikia. Mfanye kikundi chako kiitikie pia, msikie inavyotikisa chumba.

Kiatu kinarudishwa kwa mahakama. Waamuzi wanaomba binti za Israeli wasifikie tena yibumu wala halitsa. Mjane anaondoka na hati inayosema yu huru kuolewa na amtakaye, isipokuwa mwanamume wa ukoo wa makuhani.

Wanafunzi watauliza: mbona siku hizi wote wanavua kiatu, hakuna anayeoa? Jibu liko kwenye Mishna pia. Inasema zamani, watu walipokuwa wakikusudia amri, kuoa kulitangulia. Sasa wasipokusudia amri, kuvua kiatu kunatangulia. Abba Shauli alikuwa mkali zaidi: amwoaye shemeji kwa ajili ya uzuri wake au sababu nyingine ni kana kwamba amegusa mwiko wa Walawi. Wayahudi wa Ulaya ya kaskazini walishika njia ya kiatu, hasa baada ya marufuku ya kuoa mke wa pili inayohusishwa na Rabi Gershom wa Mainz, aliyefariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 11. Wayahudi wa Yemeni na wengine wa nchi za Waislamu waliendelea kuoa, hadi Marabi Wakuu wa Israeli walipoizuia yibumu mwaka 1950 na kuagiza halitsa kwa wote.

Na shemeji akimnyima mjane kiatu ili apewe fedha? Imetokea sana. Zamani familia zilifikia hatua ya kuandikisha hati siku ya harusi, ndugu wa bwana harusi wakiahidi kumfungua mjane bure endapo msiba utatokea. Nchini Israeli, sheria ya mwaka 1953 ya mahakama za kirabi inaruhusu shemeji aliyeamriwa kutoa halitsa akakaidi kwa miezi 3 afungwe jela. Kwa maana hiyo kiatu ni haki ya mjane. Shemeji hawezi kukiuza.

Hatua ya 8: Masadukayo

Mathayo 22:23-33 huchukua dakika kumi. Masadukayo, kundi la Wayahudi waliokana ufufuo, wanamletea Yesu kisa: ndugu saba, mke mmoja, hakuna mtoto. Siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani? Wengi hukimbilia ufufuo, na ni sawa, maana ndilo jibu la Yesu. Ila onyesha kwamba ndani ya swali lao mwanamke hasemi kitu. Anapitishwa mkono hadi mkono mara saba, wala hakuna aliyefika langoni. Masadukayo walichukua mstari wa 5 wakauacha wa 9, kama yule aliyeshika kalamu nyekundu.

Hatua ya 9: Mambo ya kuandaa kabla hujafunga kipindi

Baada ya somo hili wajane hubaki. Usipange mkutano mwingine saa hiyo. Wengine wataeleza mambo ambayo hawajamwambia mtu, na hapo kazi yako ni kusikiliza, si kuhubiri.

Uwe na sheria ya nchi mkononi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema bila kujali mila yoyote, mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kukaa anakotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume amchaguaye mwenyewe. Iandike kwenye karatasi ndogo, toa nakala, wapewe wote. Kama kuna Waislamu kikundini au majirani, wana aya ya 19 ya Sura An-Nisaa inayokataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Inafaa waijue pia. Tafuta mapema msaidizi wa kisheria wa kata yenu, ukubaliane naye kwamba utampelekea watu.

Usiwatukane mashemeji. Wapo waliolea watoto wa kaka zao, wakalipa ada, wakalima shamba la mjane bila kumgusa hata kidole. Waite waje wasikie. Mara mbili nimemwona shemeji akijitolea kucheza nafasi ya anayevuliwa, na kikundi kikampigia makofi.

Yule mama wa Biblia ya kalamu nyekundu alirudi baada ya miezi kama minane. Nilimwomba radhi kwanza, mbele ya wenzake. Kisha tukasoma Walawi, tukahesabu masharti. Alipofika kwenye "wala hana mwana" aliwataja watoto wake mmoja mmoja kwa majina, akakunja kidole kwa kila jina. Akaomba kalamu. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya bluu, akaitumia hiyo kupiga mstari kuanzia wa 7 hadi wa 10, akaifunga Biblia akaipeleka kwa mwenyewe.